Vyoo Vilivyovuka Barabara

Siku za soko mama yangu hakuwa akinywa maji. Alikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, kabla ya kupakia mikungu ya ndizi, na baada ya hapo hakuonja kitu chochote cha majimaji mpaka arudi nyumbani jioni. Ilikuwa hivyo Jumatatu na Alhamisi, juma baada ya juma, na kwa miaka mingi nilidhani ni tabia yake tu, kama vile wapo watu wasiopenda maziwa. Sikujua kwamba alikuwa amepanga. Sokoni hapakuwa na choo.

Zamani kidogo kilikuwapo kimoja, cha shimo, cha familia iliyoishi nyuma ya soko, na kina mama waliruhusiwa kukitumia kwa kuwa walikuwa wakiwaachia wenyeji ndizi mbili tatu kila siku. Familia ile ikauza kiwanja. Aliyenunua akajenga nyumba ya kupangisha ya ghorofa tatu, akaweka lango la chuma na mlinzi asiyejua sura ya mtu. Wanaume walikuwa na ukuta wa nyuma wa kinu cha posho, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Wanawake walibaki na kiu.

Mwaka juzi Mama akaanza kulalamika ubavu. Nilimpeleka zahanati. Tabibu, kijana mpole ambaye bila shaka alikuwa na mama yake mahali, akamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeulizwa.

"Inabidi unywe, Mama," tabibu akasema. "Hasa siku unazokaa juani. Figo zako zinalalamika."

"Maji nitakunywa," Mama akajibu kwa Kigusii. "Halafu niyapeleke wapi?"

Tabibu akainamia karatasi zake. Hilo halikuwa swali la zahanati.

Soko letu liko karibu na mpaka wa Kisii na Nyamira. Sitasema liko upande gani, maana pande zote mbili zina jamaa zangu wa kunilaumu. Si kubwa kama Nyakoe, lakini siku ya soko huwezi kupita na mwavuli uliofunguliwa. Ndizi zinakaa sehemu ya juu, penye mteremko mdogo, na hapo ndipo Mama alikuwa akiketi juu ya gunia lililokunjwa, na kina mama wenzake pande zote, wakijibizana na wanunuzi wa kutoka mbali. Ng'ambo ya barabara ya lami, upande wa chini, kuna steji ya bodaboda na baada yake korongo.

Kwa hiyo iliposemekana kwamba kaunti itatujengea soko la kisasa, lenye paa, meza za saruji, na vyoo vya kina mama vyenye maji ya bomba, furaha haikuwa ya paa.

Mimi nina duka dogo la fotokopi na vifaa vya shule, linalotazamana na ofisi ya chifu. Ramani ya kwanza ilipoletwa, chifu alinitumia nitoe nakala za kubandika ukutani. Nilitoa nakala sita alizotaka na ya saba nikaiweka kwenye faili yangu, maana ndivyo nilivyo. Karatasi ikipita mkononi mwangu napenda kubaki na ushahidi kwamba ilipita. Jioni nilimpelekea Mama. Vyoo vilichorwa pembeni mwa sehemu ya ndizi, si zaidi ya hatua ishirini kutoka kwenye gunia lake.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo."

Akaweka kidole juu ya ule mraba mdogo, akakiacha pale muda mrefu, mpaka nikamwambia wino utatoka.

Sasa nimtambulishe mtu mwingine, ambaye bila yeye habari hii isingekuwapo. Mwakilishi wetu wa wadi, ambaye wazee bado humwita diwani na sisi wengine tunamwita Mheshimiwa, ni mume wa dada yangu mkubwa. Yeye ni shemeji yangu, na kwa Mama ni mkwe.

Ni mtu mzuri. Naandika hivyo nikijua kwamba nimekuwa katibu wa vikao vyake tangu achaguliwe, na katibu huona mengi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi alikuwa akiketi kwenye ukumbi wa shule ya msingi, chifu upande mmoja na mimi upande mwingine, na kujibu malalamiko ya wakazi moja baada ya jingine kutoka kwenye daftari kubwa jeusi. Kila lalamiko lilikuwa na namba. Kila namba ilipata moja ya majibu matatu: imefanyika, bado, au haiwezekani. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nimheshimu. Nakumbuka mzee mmoja aliyetaka barabara ya changarawe ichepuke kidogo, ipite mbele ya lango lake.

"Mzee, nimekwenda mwenyewe nikaipima kwa miguu," Mheshimiwa akamwambia. "Hiyo barabara itakufikisha wewe peke yako, na ng'ombe wako. Haiwezekani."

"Ng'ombe nao ni wapigakura?" mtu akauliza kutoka nyuma, na hata mzee mwenyewe akacheka.

Lakini kuna jambo moja ambalo daftari halikuweza kuliandika, nalo ni chinsoni. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwa asiye wa kwetu, nitasema tu kwamba ni heshima yenye aibu ndani yake, inayowatenga watu wa vizazi viwili vinavyofuatana, na inakuwa kali kuliko zote kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawataniani, na mambo ya mwili hayatajwi pale wanapoweza kusikilizana. Siku hizi kuna nyumba nyingi zilizolegeza, hasa mjini. Yetu haikulegeza. Shemeji alipokuja nyumbani kwetu, Mama alimsalimu kutoka mlango wa jikoni akiwa ameelekea migomba, naye akaitikia akiwa ameelekea gari lake. Ugali wa wimbi na mboga ya sagaa alipelekewa na mimi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sidhani Mama angeweza kuniambia kwa hakika kama mkwe wake ana ndevu.

Miezi mitano baada ya ramani ya kwanza ikaja ya pili, yenye mihuri. Chifu akanitumia tena. Niliiweka kwenye mashine, nikaona kuna kitu hakiko sawa, nikatoa ile ya kwanza kutoka kwenye faili na kuziweka sambamba juu ya kaunta. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa ule mraba mdogo. Ulikuwa umetoka kwenye ndizi, ukavuka lami, ukapita steji ya bodaboda, na kutua kwenye ukingo wa korongo. Pembeni, kwa herufi ndogo: "Umehamishwa kwa sababu za kijamii."

Habari haikukaa. Alhamisi hiyo, soko lilipopungua, kina mama saba walijaa dukani kwangu. Mama akaingia wa mwisho na kukaa kwenye kiti cha wateja.

"Nivuke lami na goti hili?" mmoja akasema. "Na ndizi nimwachie nani, mbuzi?"

"Mbuzi si tatizo. Tatizo ni wale vijana wa steji. Ukipita mara ya kwanza watakusalimu. Mara ya pili watakuambia, 'Mama, umerudi tena? Tukubebe?'"

"Na watakubeba kweli. Shilingi hamsini kwenda haja!"

Walicheka sana, kisha wakaacha kucheka wote kwa pamoja, na kumgeukia Mama. Alikuwa mwenyekiti wao. Walimchagua wenyewe, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyewahi kumshinda kwa maneno.

"Mwenyekiti ni mimi, nakubali," Mama akasema. "Lakini yule wa kuambiwa ni nani wangu?"

Mwenye goti akapendekeza mtu mwingine aseme. Wakaanza kutazamana, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi tulivyokuwa tumefungwa. Wale wa umri wa Mama wote wameolewa katika ukoo wetu, kwa hiyo wote ni mama wakwe wa Mheshimiwa, kama Mama mwenyewe. Wale vijana ni wake za kaka zangu, na kikaoni mstari wa mbele hukaliwa na baba wakwe zao. Hakuna hata mmoja ambaye angesimama mbele ya watu wale na kulitaja jambo hilo. Mimi nami, kabla hujaniuliza, nina baba wadogo wanne, na wote hukaa mstari huo huo.

Jambo hilo halikuwa la simu, kwa hiyo nilingoja mpaka Jumapili mchana, shemeji alipopitia dukani kuchukua nakala zake. Alikuwa amevaa koti lake la mvua na alitaka soda. Nilimwekea ramani zote mbili mbele yake.

"Shemeji, nani alihamisha hiki?"

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe ungejenga choo mbele ya mama mkwe wako?" Akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Niliiona ile ramani ya kwanza usiku mmoja nikakosa usingizi. Mama anakaa pale. Mimi ndiye ninayefungua jengo, mimi ndiye ninayekata utepe. Watu watasema mkwe gani huyu, amemletea mama wa mke wake choo, amekiweka miguuni pake. Nilimsumbua injinia wa kaunti wiki tatu. Alisema haiwezekani, nikamwambia hilo neno ni langu, asilitumie kwangu." Akacheka. "Hata dada yako sijamwambia."

Alikuwa akijivunia. Miezi mitano alikuwa amebeba jambo hilo kama zawadi ambayo haiwezi kukabidhiwa mkononi.

"Lakini, shemeji, Mama..."

Akainua kiganja.

"Usiniletee neno la Mama juu ya choo. Nitalisikiaje neno kama hilo?" Halafu akawa Mheshimiwa tena. "Kama kina mama wana jambo, waje kwenye kikao, lipewe namba. Nikibadilisha ramani kwa neno nililopewa kwenye duka la shemeji yangu, wapinzani watasema soko linajengwa jikoni kwa wakwe. Na wafanye haraka. Mwanakandarasi anaingia Jumatatu baada ya kikao. Akishamwaga saruji, hapo hata mimi siwezi."

Jioni nilimweleza Mama. Alikuwa akimenya ndizi za kupika, na kisu kikasimama. Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Wiki tatu alimsumbua injinia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kijana ana heshima," akasema. "Dada yako aliolewa na mtu." Akaendelea kumenya. "Sasa heshima yake ndiyo itakayoniua."

Nilimshauri tumwambie Dada amwambie mumewe. Akakataa kabla sijamaliza. Mambo ya kina mama sabini hayawezi kupitia chumba cha kulala cha mtu, akasema. Na alikuwa sahihi, kwa sababu zile zile alizonipa shemeji bila wao kushauriana. Waliwaza sawa wale wawili. Hilo ndilo lililokuwa likinichekesha na kunisumbua.

Siku mbili kabla ya kikao aliniuliza swali lililoonekana la kando.

"Yule injinia ni mtu wa wapi?"

"Wa pwani."

"Anasikia Kigusii?"

"Hata salamu."

"Vizuri," akasema, na kwenda kulisha kuku.

Kikao kilianza saa nane mchana na mvua ilianza saa nane na robo, kama inavyofanya huku kwetu. Kwa kawaida tulizungumza Kigusii, lakini kwa kuwa injinia alikuwapo chifu alitangaza kwamba leo ni Kiswahili. Injinia alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti laini, na Kiswahili chake kilifanya watu wakae wima kama wanafunzi. Mstari wa mbele walikaa wazee, pamoja na baba zangu wadogo wanne. Kina mama walikuwa karibu na mlango. Vijana wa bodaboda walisimama nyuma kabisa, helmeti mikononi.

Mheshimiwa alifungua daftari. Mtaro uliokuwa ukimwaga maji kwenye shamba la mjane mmoja: imefanyika. Taa ya njia panda: bado, nguzo imefika, waya haujafika. Vijana wa bodaboda waliomba kibanda cha kuwakinga mvua, wakaambiwa kitajengwa pamoja na soko, wakapiga makofi kwa helmeti. Mzee mmoja aliuliza kwa nini meza za soko jipya ni fupi kuliko za Nyamache. Injinia akamjibu kwa vipimo mpaka mzee akajuta kuuliza. Namba nane ikapita. Nikageuza ukurasa.

"Kina mama wa soko," chifu akasema. "Mbona mmenyamaza? Hamna neno?"

Nilisikia benchi moja likilia karibu na mlango. Mama alikuwa amesimama. Alijifunga leso vizuri, akageuza mwili wote mpaka akawa ameelekeana na injinia, na meza yote ya viongozi iliyobaki ikawa nyuma ya bega lake.

"Injinia," akasema, kwa Kiswahili.

"Naam, mama yangu."

"Mimi ni mwenyekiti ya kina mama. Niko na swali moja tu."

"Karibu, uliza."

"Ile choo ya kina mama. Nani alivukisha barabara?"

Mvua ilikuwa imekaza juu ya mabati. Injinia akaweka mkono sikioni na kuinama mbele.

"Samahani, mama, mvua. Ile nini?"

Mama akavuta pumzi.

"CHOO!"

Ukumbi mzima ulisikia. Nadhani na walimu waliokuwa ofisini walisikia. Wake za kaka zangu waliingiza nyuso kwenye mitandio. Baba yangu mdogo wa tatu akashikwa na kikohozi. Mheshimiwa aliinua macho kwenye mbao za paa, na kuanzia hapo hakuyashusha.

Ndipo nilipoelewa yale maswali ya kando. Maneno ya Kigusii ya jambo lile tulifundishwa kuyaficha kabla hatujajua kutembea. La Kiswahili tulifundishwa shuleni, ubaoni, pamoja na meza na dirisha. Mama alikuwa amepata lugha ambayo ndani yake choo ni jengo tu, na mtu mmoja ukumbini ambaye hakuwa mkwe wa yeyote.

"Aa, vyoo," injinia akasema kwa furaha ya mtu aliyeulizwa anachokijua. "Vilihamishwa kwa ombi la ofisi ya Mheshimiwa. Na bahati nzuri yuko hapa. Muulize mwenyewe, mama."

"Huyo mimi sioni."

"Huyu hapa, kando yangu."

"Injinia, mimi naona wewe peke yako."

Kicheko kilianzia kwenye helmeti. Injinia akamgeukia Mheshimiwa, akanigeukia mimi, akaona hakuna wa kumsaidia.

"Injinia," Mheshimiwa akasema akiwa bado anatazama paa, "mwambie aliyeuliza kwamba kuna mtu aliona si heshima jengo la namna hiyo liwe karibu na wanapoketi wakubwa."

"Lakini si amekusikia?"

"Mwambie."

Injinia akamwambia, neno kwa neno. Mama akasikiliza kwa makini kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Ambia huyo mtu asante. Ni heshima kubwa, mimi nimeshukuru sana. Sasa uliza yeye: wakubwa wakivuka lami na mvua wagongwe na gari, hiyo ni heshima gani? Wakikaa kutoka asubuhi mpaka jioni bila kunywa maji kwa sababu hakuna mahali ya kwenda, mpaka wagonjeke, hiyo ni heshima gani? Daktari ameambia mimi nikunywe maji. Mimi nimeogopa maji, injinia. Mtu mzima kama mimi naogopa maji."

Mheshimiwa alishusha macho kutoka kwenye paa, si kwa Mama, bali kwangu.

"Katibu," akasema, na sauti ilikuwa ya nyumbani. "Hilo la daktari ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa."

Hakuwa akijua. Dada yangu alijua, mimi nilijua, majirani walijua. Lakini ugonjwa wa namna ile mkwe haambiwi. Mle mle alimoficha yeye zawadi yake, na sisi tulikuwa tumemfichia ugonjwa. Niliona akilitazama daftari kwa muda, kama anayetafuta namba ambayo hakuiandika.

Kisha akasimama, akamwelekea injinia.

"Injinia, haya yaandikwe. Vyoo virudi vilipokuwa kwenye ramani ya kwanza. Kosa ni langu, si la ofisi yako. Nilimpa mtu heshima bila kumuuliza anaihitaji wapi." Akakohoa. "Inawezekana?"

"Mwanakandarasi anaingia Jumatatu," injinia akasema. "Nikipata kumbukumbu za kikao zenye sahihi kufikia kesho, inawezekana."

"Utazipata leo," nikasema, ingawa katibu haongei.

"Injinia," Mama akaita. Alikuwa hajakaa. "Mlango isitazame ndizi. Itazame ua. Na kufuli, kifunguo ikae na sisi. Na maji iwe ndani."

"Mlango uelekee ua, kufuli, ufunguo, maji," injinia akarudia akiandika. Sasa alikuwa ameanza kufurahia kazi yake mpya. Akamgeukia Mheshimiwa. "Anasema mlango uelekee ua."

"Mwambie sawa."

"Anasema sawa, mama."

"Nimeshukuru," Mama akasema, na kukaa.

Chifu akaomba mikono ya wanaokubali. Kwa kitambo hakuna mzee aliyeinua. Halafu baba yangu mdogo wa tatu, yule wa kikohozi, akainua wake akiwa anatazama dirisha. "Hata mke wangu anauza kabichi," akasema, kwa mtu yeyote. Mikono ikafuata. Niliandika: namba tisa, imekubaliwa na wote.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikiwa imebaki ya manyunyu. Tulipofika kwenye mashamba ya majani chai Mama akapunguza mwendo.

"Nimesema naye?"

"Umesema na injinia."

"Watu wote wameona nimesema na injinia?"

"Wote. Nimeandika hivyo."

Akatembea hatua kadhaa.

"Alikasirika?"

"Hapana, Mama."

"Umejuaje? Ulimtazama uso?"

"Mimi ni shemeji yake. Mimi naruhusiwa."

Alitaka kuuliza zaidi, nikaona, jinsi uso ule ulivyokuwa, na hakuuliza. Kesho yake alimpa Dada apeleke kwake mkungu mkubwa kuliko wote wa juma hilo, bila ujumbe. Juma lililofuata gari la Mheshimiwa lilileta mtungi mpya wa kuchujia maji ya kunywa, nao bila ujumbe. Mimi nilipokea, mimi nikasaini.

Jumatatu vigingi vilipigwa juu, kando ya ndizi. Ujenzi ulichukua muda mrefu kuliko walivyosema, kama kawaida, lakini vyoo vilimalizika kabla ya paa. Kina mama hawakutaka kungoja paa. Kwa hiyo asubuhi moja ya Alhamisi Mheshimiwa alikuja kufungua vyoo tu.

Alikuwa amelipanga vizuri. Hotuba aliitoa mbele ya soko, akiwa ameelekea barabara, na jengo lenyewe likiwa nyuma yake umbali wa kutosha. Alizungumzia paa, taa, meza na kibanda cha bodaboda. Kuhusu jengo alilokuja kulifungua alisema tu, "Na kazi ile nyingine pia imekamilika, nawashukuru waliohusika." Utepe aliukata chifu. Ufunguo alipewa injinia, injinia akampa Mama. Mheshimiwa akaaga, akaingia garini, na kina mama wakaanza kujipanga kuelekea ua, wakubwa mbele, wake za kaka zangu nyuma.

Lakini lori la majani chai lilikuwa limekwama kwenye njia panda, limeziba barabara yote, na gari la Mheshimiwa likasimama nyuma yake, mahali ambapo dirisha lake lilitazama moja kwa moja mlango ule wa ua. Alikaa ndani, shingo wima, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mama alisimama na ufunguo mkononi, akiwa ameelekea ndizi. Nyuma yake mstari wa kina mama thelathini ulisimama pia, kila mmoja akitazama kitu chake: kabichi, mbingu, kisigino cha aliye mbele.

"Fungua basi, mwenyekiti," mwenye goti akanong'ona.

"Nitafunguaje?"

"Wengine hatuna muda!"

"Ngojeni."

Vijana wa bodaboda waliona kilichokuwa kikiendelea, na kwa heshima yao yote hawakusema hata neno moja la mzaha. Walikimbia kusukuma lori. Tulisikia likinguruma, likirudi nyuma kidogo, likinguruma tena. Hakuna aliyegeuka kutazama isipokuwa mimi, ambaye naruhusiwa. Niliona taa za nyuma za gari la shemeji zikiwaka, zikizimika, na gari likianza kupanda mteremko taratibu.

"Amekwenda," nikasema.

Mama akaingiza ufunguo kwenye kufuli.